Wale Tuliowaita Wadebuli

Mwanangu Makame,

Salamu umeshazipata leo kwa mdomo, na za mama yako zilizidi mpaka ukajifanya unakwenda dukani. Kwa hiyo barua hii haina salamu. Haina pia habari ya fulana nzito, wala dawa ya tumbo, wala usilale juu ya sitaha ukapigwa na umande. Hayo mama yako kakwambia, na kesho bandarini atakwambia tena mbele ya watu mpaka uone haya. Mimi nimebakishiwa yale ambayo mtu hawezi kuyasema akitazamwa usoni. Nawe unanijua. Mimi nikitazamwa usoni huchekesha.

Jana walipokuja wenzako kukuaga, uliwaambia wanyamaze, baba anataka kuwahadithia kisa cha fuvu. Nikasema koo linaniuma. Ukanikazia macho, maana hujapata kuniona nakataa kuhadithia kisa kile. Harusini nimekihadithia. Kilioni pia nimekihadithia, Mungu anisamehe. Pale kwenye kahawa Kikwajuni nimekihadithia mpaka muuza kahawa mwenyewe kakihifadhi, nikiruka pahala ananirudisha. Koo langu halina kitu, mwanangu. Kibovu ni kisa.

Na kesho unakwenda Bara kumfanyia kazi Bwana yule yule wa kisa changu, kazi ile ile ya kufukua magofu, na kilichokutia hamu ni kisa kile kile nilichokulisha. Sasa ule na mifupa yake. Tena kuna la bibi yako Bi Mize, mkwe wangu, aliyekunyima radhi ulipokwenda shamba kumuaga. Ulirudi umevimba uso, ukasema bibi kazeeka, haelewi kazi za kisasa. Mimi nikakuitikia, nikasema wazee wana mambo yao. Nilikuwa najua kwa nini kakunyima, nikakuitikia vile vile.

Nianze na mimi, maana mimi najipenda.

Mama yako nilimwoa ndevu zangu bado zinapiga hodi. Skuli nilifika darasa la tatu, nikatoka mwenyewe kabla hawajanitoa. Chuoni, kwenye Kurani, nilimkimbia mwalimu nikiwa juzuu ya pili. Lakini mdomo ninao, na Kiingereza nilikiokota kidogo kidogo bandarini, kama mtu anayeokota karafuu zilizomwagika. Basi nilipokwenda Makunduchi kuoa, wakwe zangu wakanitazama mikono. Jembe sijui kulishika. Pweza simjui ila akiwa kwenye sahani. Babu yako Mzee Pandu, Mungu amrehemu, aliuliza mbele ya watu, huyu mwanamume anajua nini hasa? Shangazi mmoja wa mama yako akamjibu, "Anajua kusema." Watu wakacheka, na mimi nikacheka kuliko wote. Miaka mingi nililibeba neno lile.

Kwa hiyo alipokuja Mzungu yule kutaka kuchimba gofu la pale kijijini, na akatafuta mtu wa kumsimamia wafanyakazi na kumtafsiria, unadhani nililala nyumbani? Nilifika kwake kabla hajamaliza chai. Sisi tulimwita Bwana Burashi, kwa sababu alikuwa akipiga udongo burashi kama mtu anayempiga mtoto poda. Kiswahili chake kilikuwa cha kuagizia chai na maji ya moto. Akaniajiri. Akanipa na kofia yake kuukuu ya kaki. Nilipoingia kijijini nimeivaa, shangazi yule alinipisha njia. Kumbuka hiyo kofia, mwanangu, maana ukiniuliza niliuza kwa bei gani, niliuza kwa kofia.

Sasa gofu lenyewe. Wewe ulilijua ukiwa mdogo, mlikatazwa kucheza pale. Ukuta mmoja wa mawe wa msikiti wa kale, wenye kibla kilichobomoka nusu, na makaburi ubavuni, mengine yameshazama. Watu wote wa kule, toka wazee wa wazee, walisema si lao. Ni la Wadebuli, watu waliokuja kutoka ng'ambo ya bahari, wakatili, wakawabebesha wenyeji mawe mpaka migongo ikapinda, kisha Mungu akawaondoa. Ukimuuliza mtu wa kijiji, mababu zenu walikaa wapi wakati ule? Atakwambia, vibandani, msituni, wakiogopa. Mawe hayakuwa yetu sisi, sisi ni watu wa udongo na makuti.

Na kila mwaka bibi yako alikuwa akipeleka ubani pale. Si kwa kuwapenda. Ni kuwatuliza, wasije wakatia ugonjwa watoto wala wakakausha muhogo. Weka hilo akilini.

Bwana Burashi alipotaka ruhusa, wazee walisita juu ya makaburi. Mimi ndiye niliyesimama, na kofia yangu. Niliwaambia, nyinyi wenyewe mnasema Wadebuli si watu wenu. Jirani akikung'olea mwiba wa adui yako unalia? Walicheka. Bi Mize akasema kuchimba wachimbe, gofu si lake, ila wasimkanyagie muhogo wake. Ruhusa ikapatikana hivyo. Nilirudi kwa Bwana natembea kama nimeoa mara ya pili.

Watu wa kijiji hawakutaka kuchimba kwa mikono yao, basi nikaleta vijana wa Ng'ambo, kule mjini. Na utaratibu wa kazi ile utaujua mwenyewe karibuni, na utakuchosha. Kamba zinafungwa miraba miraba. Jembe marufuku, unashika mwiko wa muashi na burashi, unakwangua udongo unene wa chapati, unatazama rangi. Ukibadilika rangi, unasimama. Udongo wote unapita kwenye chekecheke, na kila kigae, kila mwiba wa samaki, unawekwa na wenziwe wa tabaka ile, huchanganyi cha juu na cha chini. Mara ya kwanza niliona ni ujinga wa watu walioshiba. Kisha, kidogo kidogo, nikaanza kuona. Juu, sakafu ya chokaa. Chini yake, sakafu ya chokaa mbovu zaidi. Chini yake, udongo uliopigwapigwa, na madoa meusi ya duara yamejipanga. Bwana akaniambia yale madoa ni miti iliyooza, nguzo za nyumba. Nikapima kwa hatua. Ilikuwa nyumba ya miti na udongo, mlango upande ule ule, ukumbi upande ule ule, kama nyumba ya bibi yako. Chini ya msikiti wa mawe kulikuwa na nyumba ya bibi yako, Makame. Wewe ungefanya nini? Mimi nilipiga mluzi, nikaendelea.

Tukaingia makaburini. Siku ya kwanza tulimfungua mmoja. Alilazwa ubavu wa kulia, uso umeelekea kibla, ndani ya mwanandani, ile nafasi ya ubavuni mwa kaburi, iliyochongwa vizuri kuliko tunavyochonga sisi. Vijana wangu wakarudi nyuma. Wakasema, huyu Muislamu, bwana. Nikawaambia bila kupepesa jicho kwamba Wadebuli walisilimu mwishoni, ndipo wakajenga msikiti ule. Hapo hapo nimewasilimisha, peke yangu, bila shahidi! Wakarudi kazini.

Siku ya pili ndiyo siku yenyewe. Tulifungua kaburi la pembeni, na miguuni, juu ya udongo wa kufukia, pakatoka chungu kimefudikizwa, mdomo chini. Nikakinyanyua. Kitakoni kina tundu moja, limetobolewa kwa makusudi, kingo zake safi.

Wewe hukuwapo tulipomzika babu yako Mzee Pandu, ulikuwa na homa hapa mjini, kwa hiyo sijui kama umepata kuambiwa. Ukoo wa bibi na babu yako wana mila yao. Chungu kilichotiwa maji ya kumwoshea maiti hakirudi jikoni. Hutobolewa tundu chini, kisitumiwe tena na walio hai, kikafudikizwa kaburini upande wa miguu. Wengine hawafanyi hivyo. Hata vijiji vya jirani hawafanyi, huwacheka. Mzee Pandu alipozikwa, mwaka mmoja tu kabla ya kuchimba kule, mimi mkwe ndiye niliyepewa msumari nikakitoboa kile chungu, na kwa kuwa sina ustadi nikakipasua ubavu, shangazi yule akanicheka tena. Mikono yangu ilikuwa bado inalikumbuka tundu lile.

Nikasimama ndani ya shimo na chungu mkononi. Shingoni kilichorwa mistari, imekwaruzwa kwa ukingo wa kombe la pwani, kwenda juu na kurudi chini, kama bibi yako anavyochora vyake mpaka leo. Nilijua, mwanangu. Hakuna aliyeniambia na hakuna haja ya kuambiwa. Walikuwa ni watu wa mama yako. Ni watu wako wewe. Wadebuli hawakupata kufika pale hata siku moja, au kama walifika, walipita tu wakanunua samaki. Kile kijiji kizima kilikuwa kikiwahonga ubani bibi zao wenyewe, wasiwadhuru.

Bwana Burashi akaja, akakichukua, akakizungusha. Akaniuliza, kwa nini kina tundu? Akanitazama kama mtu anayengoja jibu la maana. Ningelisema wakati ule, kazi ya makaburini ingesimama. Wazee wangekuja. Kofia ningeivua. Nikamwambia ni chungu cha kupandia maua, tundu la kutolea maji. Akaniamini. Na vikatoka vingine, kaburi baada ya kaburi, na kwa kila kimoja Bwana yule msomi alikuwa akiandika kwamba watu wale wa kale walipenda maua.

Usicheke. Au cheka, mimi nimekifundisha kicheko hicho.

Kisha nikajenga ua wa makuti kuzunguka makaburi, ati upepo usipeperushe mchanga. Ulikuwa ua wa kuzuia macho ya kijiji. Na kwa kuwa moyo ulikuwa unanichoma na vijana walikuwa wananyong'onyea, nikafanya nililozoea. Lilipotoka fuvu moja zima, lisilo na jino hata moja, nililipandisha juu ya kifusi, nikavua kofia, nikainama, nikasema, "Shikamoo, Mdebuli." Nikajijibu mwenyewe kwa sauti ya kizee kisicho na meno, "Marahaba, mjukuu, umeniletea tambuu?" Vijana wakaanguka chini kwa kicheko. Kisa cha fuvu ndicho hicho. Kila ulichokisikia baada ya hapo, kwamba fuvu lilijibu, kwamba Bwana alikimbia, nimetia mimi chumvi.

Sikupata kukwambia alichokisema Bwana Burashi jioni ile. Alilichukua fuvu akakaa nalo chini. Akanionyesha taya. Pale penye mashimo ya meno palikuwa pameziba, mfupa umekuwa laini kama ukingo wa kikombe. Akasema mfupa hauzibi hivyo kwa siku mbili, huyu mwanamke aliishi miaka mingi bila meno. Na nyonga yake ilivunjika zamani, ikaunga vibaya, hakuweza kwenda mbali. Kwa hiyo, akasema, kulikuwa na mtu akimpondea chakula, na kumletea maji. Miaka mingi. Alisema kwa upole, hata mimi ilinigusa. Nikaitikia yes sir.

Hilo ndilo jambo moja la kazi yenu nnaloliheshimu kwa kweli. Hadithi za watu husema nani alikuwa mfalme na nani alikuwa katili. Udongo wa Bwana Burashi ulimwona mtu aliyepondewa muhogo.

Mwisho wa kazi, makasha yakafungwa, mifupa imezungushiwa pamba na magazeti. Bwana akataka kuwaaga watu wa kijiji. Wakakusanyika, mimi katikati kutafsiri, kofia kichwani. Na Makame, yule mtu aliijua kazi yake. Vyungu vya maua nilimdanganya, lakini vigae vya jikoni hakuna aliyemdanganya. Aliwaambia kwa Kiingereza, na mimi nilielewa kila neno, pengine kwa mara ya kwanza maishani mwangu nilielewa kila neno: kwamba amechimba toka juu mpaka kwenye mchanga mweupe na hakuona pahala ambapo watu wamebadilika. Vyungu ni vile vile, vinabadilika polepole kama lugha. Waliojenga kwa udongo ndio waliokuja kujenga kwa mawe. Akasema, hawa si wageni, hawa ni babu zenu, na msikiti huu mliujenga nyinyi. Akaongeza kwamba angependa kusikia wao wanataka mifupa ifanyiwe nini.

Wakanigeukia. Bi Mize alikuwa mbele, kajifunga kanga ya kwendea wageni.

Nikawaambia Bwana anashukuru kwa ukarimu wenu, anasema Wadebuli walikuwa wengi, na Mungu awabarikie mazao yenu.

Wakapiga makofi. Bwana akatabasamu, akadhani wamefurahi kwa habari aliyowapa. Akaniuliza, na mifupa? Nikamjibu wamesema chukua. Jioni makasha yakapakiwa.

Nimeshamaliza sehemu mbaya. Hapana, bado. Sehemu mbaya ni kwamba nililala vizuri usiku ule.

Bibi yako, baada ya sisi kuondoka, alikwenda kulima kando ya kifusi chetu, akaokota nusu ya chungu kilichotuvunjikia. Nusu yenye tundu. Nilipokwenda kule sikukuu iliyofuata alikuwa amekiweka juu ya kiambaza, mlangoni, mtu akiingia lazima akione. Akaniuliza, Baba Makame, hawa walikuwa nani? Nikamjibu kwa mzaha kwamba Wadebuli walikuwa wezi, hata mila zenu wameziiba. Hakucheka. Hakuniuliza tena. Toka siku ile hajala chakula chini ya paa langu, na ubani gofuni hakupeleka tena, kwa sababu hakujua aupeleke kama adui au kama mtoto. Mimi nikakwambia wewe na mama yako kwamba bibi ana visirani.

Kisha wewe ukaja na habari zako. Umepata kazi kwa Bwana Burashi. Ukaenda kumuomba radhi, naye akasema hatoi radhi kwa mtu anayekwenda kufukua watu wasiojulikana ni nani, mpaka ajue wale wa kwake walikuwa nani. Ukarudi umevimba. Siku zote hizi nimekutazama ukifunga sanduku lako na kulifungua, ukisema huna haja na radhi ya kizee. Mtoto wangu anataka kuvuka bahari bila radhi, na ufunguo uko mfukoni mwangu.

Ndiyo maana leo asubuhi sikuonekana. Mama yako alidhani nimekwenda kukutafutia godoro. Nilipanda gari la shamba.

Nilimkuta uani anafinyanga, mikono myeupe kwa udongo mkavu. Nikamwamkia, akaitikia. Nikaanza na mzaha, kwamba gari limejaa kuku kuliko watu. Akaendelea kulainisha chungu. Nikataja mvua. Akaendelea. Kule kwa wakwe, mwanangu, kimya chao kina uzito, unaweza kukipakia punda. Mwishowe nikakaa chini, mchangani, si kwenye kigoda alichonisogezea, nikamwambia yote kama nilivyokuandikia. Chungu cha maua nikamwambia. Ua wa makuti. Maneno ya Bwana siku ya kuaga, yale ya kweli, nikamtafsiria leo, baada ya miaka yote hii. Alinijibu kwa Kimakunduchi chake, mimi nnakuandikia kwa lugha ya mjini.

"Ulijua lini?"

"Siku ya pili, mama."

"Ulipowafungua uliwatolea salamu?"

Nilikuwa nimejitayarisha kwa matusi, kwa kilio, hata kwa kofi. Hilo sikulitarajia. Hata mlevi akipita makaburini huwasalimia waliolala. Mimi nilipita pale kila siku, asubuhi na jioni. Nikamwambia niliyemsalimia ni mmoja tu. Nikamhadithia namna nilivyomsalimia.

Ni mara ya kwanza kisa kile nakihadithia bila mtu kucheka. Nimekisikia kilivyo.

Alichukua kombe, akaanza kuchora mistari shingoni mwa chungu, juu na chini. Kisha akaniuliza kama Bwana aliwajua wale watu kwa lolote, au aliwaona mifupa tu. Nikamweleza habari ya taya lililoziba, na nyonga, na mtu aliyekuwa akimpondea chakula. Mkono wake ukasimama.

"Basi alikuwa na binti," akasema.

Nilimtazama, Makame. Bwana Burashi na burashi zake hakulisema hilo, wala mimi na ujanja wangu. Yeye alimsikia mtu wa kale akitajwa, akamuona na mtoto wake hapo hapo. Nikalia. Wewe hujapata kuniona nikilia, na hutaniona, lakini nimekuandikia ili usije ukadhani baba yako ni mdomo mtupu.

Nikamuuliza juu yako. Nikamwambia mtoto anaondoka kesho, mama, usimfunge kwa kosa langu.

"Mwambie mjukuu wangu radhi yangu anayo," akasema. "Nilimzuilia nikikungoja wewe."

Basi hiyo hapo, mwanangu. Kunja karatasi hii uitie ndani ya shati. Bi Mize kakupa radhi kamili, kakuombea na dua mikono imejaa udongo, na kasema huko uendako ukifungua kaburi lolote, la nani na nani, uwatolee salamu kwanza, usingoje ujue ni nani. Amesema utaambiwa ni wageni. Kila mahala husemwa ni wageni.

Mimi nitaongeza langu dogo tu. Bwana Burashi ni mtu mwema, lakini anajua alichoambiwa. Ukiulizwa jambo na wewe unalijua, sema, hata kama kazi itasimama, hata kama kofia itakwenda. Na vyungu vile vikizungumzwa, usinifichie. Sema baba yangu aliongopa. Mimi mwenyewe nshaanza barua nyingine ya kumwandikia, kwa Kiingereza changu cha kuungaunga, nimwambie maua hayakuwapo na nimuombe makasha yarudi. Kazi hiyo si yako, usiibebe. Wewe nenda ukachimbe kwa moyo mweupe. Watu wale wa chini wanahitaji mtu wa kuwasikiliza, na masikio yako ni mazuri, umeyapata kwa mama yako.

Nilipotaka kuondoka, nikamuuliza Bi Mize, na radhi yangu mimi?

"Wewe bado."

Kisha akanipa masharti. Kila Ijumaa niende kule, nikae penye mashimo tuliyoyaacha wazi, niwasomee Kurani. Nikamwambia haraka haraka, vyema mama, nitaleta mwalimu mwenye sauti nzuri, nitamlipia nauli.

"Mwalimu hakuwafukua," akasema. "Soma wewe."

Sasa unaliona balaa langu. Baba yako, anayejua kila kitu mtaani, hajui kusoma zaidi ya zile sura fupi fupi za kusalia, na hata hizo kuna pahala nazipita mbio kama mtu anayepita mbele ya duka analodaiwa. Nimerudi mjini alasiri, nikapitia kwa mwalimu wa chuo cha hapa nyuma, yule aliyekusomesha wewe. Akadhani nimeleta mtoto mdogo, akauliza yuko wapi mwanafunzi. Nikamwambia amesimama mbele yako. Alinitazama kujua kama nafanya mzaha, maana na yeye ananijua. Kisha akanifungulia msahafu, akanitaka nisome. Nikasoma. Watoto wakacheka, mpaka yeye akawanyamazisha kwa bakora.

Kanipa nafasi nyuma, karibu na mlango, pembeni ya mtoto wa fundi cherehani, ambaye hata meno ya mbele hajaota na kanipita mbali. Kesho, meli yako ikishaondoka, nitamrejesha mama yako nyumbani, nitachukua mkeka wangu, niende.

Kwa hiyo huko Bara, watu wakikuuliza baba yako anafanya kazi gani, usiwaambie mambo ya kofia. Waambie bado yuko chuoni.

Anayekupenda, na anayeona haya mbele yako kwa mara ya kwanza,

Baba yako